Mzee Akianguka, Muulize na Moyo Wake

Kuanzia mwaka 1988, katika jimbo la Veneto kaskazini mwa Italia, wazee walianza kupewa kifaa kidogo chenye kitufe cha kuita msaada. Mzee akizidiwa au akianguka, anabonyeza, na watu waliopangwa tangu mwanzo wanaarifiwa waje. Huduma hiyo ilikuwa na upande wa pili: mtu aliyefunzwa alimpigia simu kila mzee, wastani wa mara mbili kwa wiki, kumjulia hali, kujua anahitaji nini na kumtia moyo. Daktari wa magonjwa ya akili Diego De Leo na wenzake walipopiga hesabu ya miaka 11, hadi 1998, walikuwa na watumiaji 18,641. Kwa takwimu za jimbo, katika kundi kubwa kama lile wangetarajiwa kujiua wazee karibu 21. Waliojiua walikuwa 6.

Kitufe na simu ya salamu. Ukivitazama hivi hivi, hakuna hata kimoja kinachofanana na tiba ya akili. Lakini matokeo yale yanafungua jambo ambalo wengi wetu hatujawahi kuliona kama jambo moja.

Katika ofisi nyingi za afya ya umma duniani, kuanguka kwa wazee na kujiua huwekwa kwenye meza moja, meza ya majeraha. Kwetu haya mawili yana milango tofauti kabisa. La kwanza tunaliita uzee: bibi ameteleza, ndiyo miaka hiyo. La pili hatulisemi. Linazikwa na mwenyewe, na majirani wanaambiwa ilikuwa presha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba maanguko huua watu 684,000 kila mwaka, na kujiua huondoa zaidi ya 720,000. Wanaokufa zaidi kwa kuanguka ni wenye miaka 60 na kuendelea. Kuhusu kujiua, ripoti ya shirika hilo ya mwaka 2014 ilionyesha kwamba karibu katika kila ukanda wa dunia kiwango cha juu kabisa ni cha watu wenye miaka 70 na zaidi. Hata hivyo, matangazo mengi tunayoyaona kuhusu kujiua yanazungumza na vijana, na mzee hayumo hata kwenye picha.

Moja linavyozaa jingine

Mtu haanguki kwa sababu ana miaka 75. Anaanguka kwa sababu mambo kadhaa yamekutana dakika moja. Misuli ya mapaja imepungua, kwa hiyo kuinuka baada ya kuchuchumaa ni kazi. Macho yana mtoto wa jicho, ukingo wa ngazi hauonekani. Kisukari kimeua hisia za nyayo. Presha inashuka ghafla anaposimama kutoka kitandani, na kichwa kinazunguka. Dawa ya usingizi aliyomeza jana bado iko mwilini. Mkojo umembana saa nane usiku, choo kiko nje, taa hakuna, miguuni amevaa kandambili zilizokwisha soli, na sakafu ina maji ya sabuni ya waliooga jioni. Ondoa mawili matatu kati ya hayo na huenda usiku ule angerudi kitandani salama.

Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, asilimia 28 hadi 35 ya watu wenye miaka 65 na zaidi huanguka kila mwaka. Wengi wao hawavunjiki mfupa, na hapo ndipo tunapodanganyika, kwa sababu jeraha la kwanza la kuanguka huwa ni woga. Aliyeanguka mara moja huanza kupunguza mizunguko yake. Jumuiya haendi tena. Msibani anatuma rambirambi. Kwenye kikoba anampa mjukuu apeleke hisa. Nasi wa nyumbani tunamsaidia kwa upendo, kwa maneno yanayomuumiza bila sisi kujua: kaa tu mama, usijisumbue, tutafanya sisi. Anakaa. Misuli isiyotumika hupungua upesi, upesi zaidi katika umri huo, na baada ya miezi michache miguu yake ni dhaifu kuliko ilivyokuwa siku aliyoteleza. Kwa hiyo anguko la pili liko karibu zaidi kuliko lilivyokuwa la kwanza.

Likivunja nyonga, habari inabadilika. Hata katika nchi ambako upasuaji hufanyika ndani ya siku moja au mbili, mgonjwa mmoja kati ya wanne au watano hufariki kabla mwaka haujaisha. Pale ambapo familia inachangishana fedha za upasuaji, au mzee analazwa wiki kwa wiki akiwa amefungiwa uzito mguuni, kinachommaliza mara nyingi ni vidonda vya kulalia, nimonia au damu kuganda, wala si mfupa wenyewe.

Na anayebaki hai ana jambo jingine la kubeba. Mkwe ndiye anamfulia nguo za ndani. Mwanawe wa kiume ndiye anamnyanyua kumpeleka chooni. Baba aliyekuwa akikaa na wazee wenzake kupanga mahari ya ukoo mzima sasa anaomba apewe maji. Ndipo yanapoanza maneno tunayoyasikia na kuyapita: nimewachosha; Mungu amenisahau huku duniani; bora ningekwenda mkapumzika. Tafiti za kujiua kwa wazee zimekuta mambo yale yale mara kwa mara: maumivu yasiyoisha, kupoteza uwezo wa kujihudumia, upweke, na kujiona mzigo. Yote manne yanaweza kuanzia kwenye sakafu yenye sabuni.

Njia hiyo hupitika pia kinyumenyume. Mzee mwenye sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, halali vizuri, hali vizuri, anatembea taratibu huku akiburuza miguu, na baadhi ya dawa anazopewa kwa ajili ya usingizi au sonona yenyewe humwongezea kuyumba. Anaanguka kwa sababu moyo ulishaanguka kabla. Ugumu ni kwamba sonona ya uzeeni hailii kila mara. Inazungumza kwa mwili: mgongo, kichwa, tumbo linalowaka, uchovu. Mzee anakwenda zahanati, anapewa panadoli, anarudi nyumbani. Katika nchi zilizofuatilia kumbukumbu za hospitali, zaidi ya nusu ya watu wa umri mkubwa waliojiua walikuwa wameonana na mtoa huduma za afya ndani ya mwezi wao wa mwisho. Walifika. Hawakuulizwa.

Tena muda wa kuuliza ni mfupi. Vijana wengi wanaojaribu kujiua huokolewa, lakini kwa wazee waliojaribu, sehemu kubwa zaidi hufariki. Mwili hauna akiba, wengi wanakuwa wamekwisha kuamua kimya kimya, na mara nyingi hakuna aliye karibu kwa wakati.

Mji wa theluji

Matsunoyama ni mji mdogo wa milimani katika mkoa wa Niigata, Japani, mahali ambapo theluji hufunga njia miezi mingi. Vijana waliondoka kufuata kazi mijini, waliobaki walizeeka. Kati ya 1970 na 1986, kiwango cha kujiua kwa wenye miaka 65 na zaidi kilikuwa 434.6 kwa kila watu 100,000, kiwango cha kutisha popote duniani. Madaktari wa akili wa Chuo Kikuu cha Niigata walikaa na wauguzi wa afya wa mji huo, wale wanaotembelea nyumba, wakapanga kazi ya kawaida sana. Kila mzee ajibu maswali ya kutambua sonona. Atakayeonyesha dalili aonwe na daktari. Kisha matibabu yafanyike pale pale mjini, kwa daktari anayemjua, huku muuguzi akirudi nyumbani kwake tena na tena. Katika miaka kumi iliyofuata, kiwango kilishuka hadi 123.1.

Mji huo una watu wachache, na katika mji mdogo vifo vichache huyumbisha takwimu, kwa hiyo nisingeegemea namba hizo peke yake. Lakini kazi kama hiyo ilifanyika baadaye katika miji mingine ya Akita, Iwate na Aomori, na mwelekeo ulikuwa ule ule, hasa kwa wanawake.

Kuna jambo jingine kutoka maeneo hayo ambalo ningependa kila Mwafrika wa Mashariki alisome mara mbili. Watafiti wa Japani wameandika kwamba katika vijiji vile, wazee wengi waliojiua hawakuwa wakiishi peke yao. Waliishi na wana, wakwe na wajukuu, vizazi vitatu chini ya paa moja. Nyumba ilijaa watu, na mzee alikuwa pweke ndani yake, akijihesabu mdomo wa kulishwa usiozalisha. Tunapenda kusema kwamba sisi hatuna tatizo hili kwa sababu hatupeleki wazazi kwenye makao ya wazee. Kuishi na watu ni baraka kubwa, siipunguzii thamani hata kidogo. Ila haitoshi kumhesabia mzee watu waliomo nyumbani. Inabidi kujua nani kati yao huketi akazungumza naye, na ni kazi gani ya nyumba ile ambayo bila yeye isingekwenda.

Upande wa miguu, Japani ina mfano mwingine mzuri. Mwaka 2002 jiji la Kochi lilianzisha mazoezi ambayo jina lake linazungumzia uchangamfu wa kufika miaka mia. Wazee huketi kwenye viti, wanafunga uzito mdogo kwenye vifundo vya mikono na miguu, wanainua na kushusha polepole kwa kuhesabu, wanasimama na kuketi. Uzito huongezwa kidogo kidogo. Wanaoendesha ni wakazi wenyewe, katika kumbi za mitaa, mara moja au mbili kwa wiki, na mtaalamu hupita mara chache tu. Mtindo huo umesambaa sehemu nyingi za nchi. Faida yake ni mbili kwa tendo moja: mapaja yanapata nguvu, na mzee ana mahali ambapo asipofika ataulizwa yuko wapi.

Kwamba mazoezi huzuia kuanguka halina ubishi tena. Uchambuzi mkubwa wa majaribio uliotolewa na mtandao wa watafiti wa Cochrane mwaka 2019 ulionyesha kuwa mazoezi hupunguza maanguko kwa takribani asilimia 23. Yanayofanya kazi ni ya kusimama bila kuyumba na ya nguvu za miguu: kuketi na kuinuka bila kutumia mikono, kutembea kisigino kikigusa kidole, kusimama kwa mguu mmoja huku meza iko karibu ya kushikilia. Matembezi ya kawaida yana faida zake kwa moyo, lakini peke yake hayajathibitika kupunguza kuanguka, na kwa mzee anayeyumba sana yanaweza hata kumwongezea hatari. Kiti cha plastiki kipo karibu kila nyumba ya Tanzania na Kenya. Kifuko cha mchanga kilichoshonwa vizuri kinatosha kuwa uzito.

Kwetu kazi hii inaanzia wapi

Sheria kwanza, kwa sababu inafunga midomo kabla mhudumu wa afya hajabisha hodi. Kenya, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, hadi tarehe 9 Januari 2025, pale Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alipotamka kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Tanzania Bara, kifungu cha 217 bado kinalihesabu jaribio hilo kuwa kosa. Familia iliyomwokoa mzee wao usiku inajikuta ikichagua kati ya kumpeleka hospitali na kuogopa polisi, basi inasema amekunywa dawa kwa bahati mbaya, au ameanguka. Mganga anatibu tumbo au jeraha. Chanzo hakiandikwi, hakihesabiwi, na wiki inayofuata mzee yuko chumbani peke yake tena. Naamini kifungu hicho kinapaswa kuondoka, na si kwa sababu maisha ni kitu chepesi. Kiondoke kwa sababu hakijulikani kumwokoa mtu, na kinawazuia wanaotaka kuokoa.

Kuna mambo ambayo kijiji au kata haiwezi kuyamaliza yenyewe. Sri Lanka ilipiga marufuku, hatua kwa hatua tangu miaka ya 1980, viuatilifu vya shambani vyenye sumu kali zaidi, na kati ya 1995 na 2015 kiwango cha kujiua nchini humo kilishuka kwa takribani asilimia 70. Kilimo hakikufa. Nchini humo humo, watafiti waligawia kaya za vijijini masanduku yenye kufuli ya kuhifadhia dawa za shamba, na jaribio hilo kubwa, lililochapishwa mwaka 2017, halikuonyesha kupunguza chochote. Mafunzo ya kaya hayawezi kubeba mzigo ambao ni wa msajili wa viuatilifu. Familia yenye mtu aliyekata tamaa ina kila sababu ya kuondoa vitu vya hatari nyumbani kabisa, lakini kwa taifa zima, kinachookoa ni kile kisichoruhusiwa kufika dukani.

Fedha nayo ina sehemu yake. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mkazi mwenye miaka 70 na zaidi pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kujali kama aliwahi kuajiriwa, na baadaye ikaipandisha hadi 50,000. Kenya, kupitia mpango wake wa Inua Jamii, ilianza kuwapa wenye miaka 70 na kuendelea shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Tanzania Bara haina pensheni ya wazee wote. Kiasi ni kidogo, najua. Lakini mzee anayetuma mtoto dukani kwa hela yake, akanunua sukari ya nyumba, hajioni vile vile kama yule anayesubiri kupewa.

Vilivyobaki viko kwenye mtaa. Kenya ilizindua Septemba 2023 jeshi la wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000. Tanzania ilizindua mpango wake Januari 2024, ikilenga wahudumu 137,294 katika miaka mitano. Hawa wanaingia nyumbani, wanaona choo, wanaona mzee amekaa wapi. Nusu saa inatosha kuuliza yote mawili. Kwanza miguu: mwaka huu umeanguka? Ukisimama unayumba? Unaogopa kuanguka? Kisha mhudumu amwombe mzee ainuke kutoka kwenye kiti na kuketi mara tano, mikono ikiwa imekunjwa kifuani. Zaidi ya sekunde 15 ni dalili ya miguu dhaifu. Atazame dawa anazomeza, hasa za usingizi, na amshauri mzee azipeleke zote kituoni zipitiwe, asiache yoyote kwa uamuzi wake. Atazame choo: bomba au nguzo imara ya kushikilia, sakafu iliyokwanguliwa sabuni na utelezi, taa ndogo ya sola njiani, na kopo lenye kifuniko chumbani kwa ajili ya usiku. Kwenye mtoto wa jicho asisite kuandika rufaa, kwa kuwa upasuaji wa jicho la kwanza umeonyeshwa kupunguza maanguko.

Kisha moyo. Katika wiki mbili zilizopita, umekosa hamu ya mambo uliyokuwa ukiyapenda? Umekuwa na huzuni au kuona hakuna tumaini? Akijibu ndiyo, lifuate swali ambalo wengi tunaliogopa, liulizwe taratibu na wazi, kwa heshima: baba, umewahi kufikiria kujitoa uhai? Hofu yetu ni kwamba swali litapanda wazo ambalo halikuwapo. Tafiti zilizopima jambo hilo hazikuona hivyo. Wengi hupata nafuu kwa kuwa hatimaye kuna aliyeuliza. Zimbabwe, Dkt. Dixon Chibanda alianza kazi yake ya kusikiliza kwenye mabenchi huko Mbare, Harare, mwaka 2006, akiwafunza bibi wa mtaani wawe ndio wasikilizaji. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016, likihusisha kliniki 24 na watu 573, lilionyesha dalili za sonona zikipungua kwa wazi miongoni mwa waliosikilizwa. Mpango huo umefika hadi Zanzibar. Mimi naona ndani yake jambo zaidi ya tiba ya anayesikilizwa: bibi mwenyewe ana kazi, anasubiriwa kila asubuhi.

Kwa wanaume bado hakuna aliyepata jibu zuri. Kule Veneto, faida ilionekana kwa wanawake na haikuthibitika kwa wanaume. Kule Japani, vivyo hivyo mara nyingi. Na wanaume wazee ndio wanaojiua zaidi. Mzee wa kiume akipigiwa simu kuulizwa hali, anasema salama, anakata. Australia ilianzisha tangu miaka ya 1990 karakana ambako wanaume waliostaafu hukutana kuranda mbao na kutengeneza vitu, wakizungumza huku mikono ina shughuli, na wanaohudhuria husema upweke umepungua. Sisi tuna baraza, bao na meza za kahawa, na mzee aliyeacha kufika barazani kwa sababu ya magoti ndiye anayehitaji kufuatwa mapema zaidi. Wenzake wa bao wanaijua tarehe aliyoacha kuja kabla zahanati haijajua chochote. Sioni kwa nini mhudumu wa afya asipitie barazani kila mwezi na kuuliza jina kwa jina: nani hajaonekana?

Aliyesema amefikiria kufa asiachwe peke yake siku ile, na vitu vya hatari viondolewe nyumbani. Asihubiriwe kwanza wala asikumbushwe watoto aliowalea. Asikilizwe hadi amalize, kisha apelekwe kituo cha afya akiwa na mtu anayemwamini. Familia nyingi husita kwa kuogopa majina ya hospitali za magonjwa ya akili, Mirembe, Mathari au Kidongo Chekundu, lakini sonona nyingi hutibika kituoni kwa mazungumzo na vidonge, na mzee analala kwake. Kenya, simu 1199 ya Msalaba Mwekundu hupigwa bure. Anayempeleka mzee huyo amwambie mganga mambo yote mawili kwa pamoja, tangu lini ameanza kuanguka na tangu lini ameanza kusema amechoka, kwa sababu mganga akisikia moja tu atatibu moja tu.